Juu ya nini muhindi unakosa mbegu?

Mvua imenyesha vizuri, muhindi umesimama mu lupango. Siku ya kuvuna tunafungua maganda: mbegu ziko huku na kule, fasi zingine tupu, kama kinywa cha mzee. Tunasikia majirani: “Mbegu ni mubaya,” ama “Udongo umechoka.” Mara ingine ni kweli. Lakini mara mingi shida ilianzia mu maua.

Ndiyo, muhindi una maua, tena ya namna mbili. Lile la juu ku kichwa ni la kiume. Linaangusha vumbi la manjano, lile watoto wanajifunza ku masomo kwa jina la poleni. La kike ni gunzi lenye ndevu. Kila uzi wa ndevu umeshikana na yai moja tu. Uzi ukikosa vumbi, yai halizai, na fasi yake inabaki tupu.

Anayebeba vumbi ni upepo. Chembe moja ikishika ku uzi, inatoa mrija mwembamba unaochimba ndani ya uzi mpaka chini, kama mchimbaji anavyofuata mshipa wa madini. Safari hiyo inachukua karibu siku moja. Mrija unafikisha mbegu mbili za kiume: ya kwanza inaungana na yai na kuzaa kiini, ndicho mmea wa kesho, ya pili inaanzisha ile sehemu nyeupe ya unga. Bukari yetu inatoka humo.

Basi tufanye nini? Tukipanda mstari mmoja mrefu pembeni ya lupango, upepo unapeleka vumbi barabarani. Mbegu zile zile tuzipande kwa mistari mifupi minne ama zaidi, bega kwa bega. Jua likikaza wakati ndevu zinatoka, tumwagilie muhindi kwanza: ukavu unachelewesha ndevu, na vumbi linaisha mu juma moja hivi. Na ua la juu tusilikate mbele ndevu zikauke.

Kujua kama kazi imefanyika, fungua gunzi moja polepole, ulitikise. Uzi uliokwisha kufanya kazi yake unaanguka. Unaokatalia bado unangoja.

Unga mwingi wa Katanga unavuka mpaka kutoka Zambia, na bei yake inapanda bila kutuuliza. Kupanda mistari minne kwa fasi ya mmoja hakuombi hata faranga.