Timu ya Mkoa Wetu ni ya Nani?

Kama wakaa Ilongero au Mtinko, Kiomboi au Manyoni, bila shaka una kijana nyumbani ajuaye majina ya wachezaji wa mpira kuliko ajuavyo majina ya babu zake. Muulize jambo moja tu: "Timu ya Singida yaitwaje?" Kisha muulize na kaka yake mkubwa. Huenda wakakupa majibu mawili, na wala hakuna aliyesema uongo.

Maana tangu mwaka 2017 mkoa wetu umepata timu za majina manne katika Ligi Kuu. Mtoto aliyeanza darasa la kwanza mwaka huo, hata anamaliza la saba mwaka 2023, alikwisha kushangilia majina matatu. Alipoingia kidato cha kwanza mwaka 2024 akaletewa la nne. Basi leo tuulizane: majina haya yanakuja na kwenda kwa sababu gani, nasi wenye vijana yatuhusu nini?

MAJINA MANNE

Kwanza ilikuwa Singida United. Ilipanda Ligi Kuu mwaka 2017, ikapata wafadhili, ikamleta mwalimu Mholanzi, Hans van der Pluijm, aliyekwisha kuifundisha Yanga. Katika msimu wake wa kwanza ilishika nafasi ya tano, na Juni 2018 ikacheza fainali ya Kombe la Shirikisho huko Arusha, ikafungwa na Mtibwa Sugar mabao 3 kwa 2. Watu walifurahi kama wakulima walioona mvua ya kwanza. Lakini mwaka 2020 timu hiyo hiyo ikashuka daraja.

Pili ikaja Singida Big Stars. Hii ilikuwa timu iliyoitwa DTB. Ilipopanda Ligi Kuu mwaka 2022 ikabadilishwa jina ikaletwa kwetu. Tukaona hata Wabrazili wakicheza Singida mjini. Ikawa ya nne katika ligi, ikapata haki ya kucheza mashindano ya Afrika. Mwaka 2023 ikaungana na Fountain Gate, nalo jina likageuka kuwa Singida Fountain Gate. Mwaka uliofuata ikahama, ikaenda kuchezea Mwanza, kisha Babati, na neno "Singida" likaachwa njiani.

Nne ni Singida Black Stars. Je, mwajua ilitoka wapi? Zamani ilikuwa Ihefu, timu ya Mbarali katika mkoa wa Mbeya. Novemba 2022 Ihefu iliifunga Yanga mabao 2 kwa 1 huko huko Mbarali, nayo Yanga ilikuwa haijafungwa katika michezo 49 ya ligi. Fikirini furaha ya wakulima wa mpunga siku ile! Kumbe hawakukaa nayo. Mwaka 2024 timu ikaletwa Singida ikapewa jina jipya.

Sisi tulipiga vigelegele. Lakini tulipokuwa tukipiga vigelegele, yuko baba kule Mbarali aliyekuwa akimweleza mwanawe kwa nini Jumamosi hakuna mpira tena. Hatukumwonea sisi, wala yeye hakutukosea. Walioamua safari ile hawakuhitaji kumwuliza yeye, na sisi pia hawakutuuliza. Na lililompata yeye lilikwisha kutupata sisi ilipoondoka Fountain Gate.

FEDHA ILIVYOINGIA

Zamani timu zilikuwa za namna mbili. Zilikuwako za wanachama, kama Yanga iliyoanza mwaka 1935 na Simba mwaka 1936, na zilikuwako za viwanda, mashirika na majeshi. Hata timu za mbali na Dar es Salaam ziliweza kuchukua ubingwa. Tukuyu Stars ya Mbeya ilikuwa bingwa mwaka 1986, Coastal Union ya Tanga mwaka 1988, na Mtibwa Sugar, timu ya kiwanda cha sukari huko Turiani, ikachukua mwaka 1999 na 2000.

Tangu hapo hata kufikia msimu wa 2024/25, ni timu tatu tu zilizochukua ubingwa wa Ligi Kuu, nazo zote ni za Dar es Salaam: Simba, Yanga, na Azam mara moja, mwaka 2014. Azam ilianza kama timu ya wafanyakazi wa kampuni ya Bakhresa. Tajiri akaijengea uwanja wake Chamazi, nayo ikawa bingwa bila kufungwa hata mchezo mmoja.

Kisha Desemba 2017 wanachama wa Simba wakamkubali Mohammed Dewji kuwa mwekezaji, kwa ahadi ya shilingi bilioni 20. Huyu ni mzaliwa wa Singida hapa hapa, aliyekuwa mbunge wa Singida Mjini tangu 2005 hata 2015. Simba ikachukua ubingwa mara nne mfululizo, 2018 hata 2021. Upande wa pili kampuni ya GSM ikasimama na Yanga, nayo Yanga ikachukua mara nne mfululizo, 2022 hata 2025. Mwaka 2021 kampuni ya Azam Media ikafanya mapatano ya kuonyesha ligi kwa miaka 10 kwa shilingi bilioni 225.6. Na tangu 2023 Rais Samia ametoa zawadi ya mamilioni kwa kila bao la timu zetu katika mashindano ya Afrika.

Tusiwe wepesi wa kulaumu. Fedha hiyo imezaa matunda. Yanga ilifika fainali ya Kombe la Shirikisho la Afrika mwaka 2023, na Simba mwaka 2025. Singida Black Stars yenyewe ilitwaa Kombe la Kagame mwaka 2025. Tena kijana mwenye kipaji leo aweza kumjengea mama yake nyumba, jambo ambalo wachezaji wengi wa zamani hawakuliona. Walishangiliwa wakiwa na nguvu, wakazeeka katika umaskini. Mfanyakazi astahili ujira wake, na mpira ni kazi ngumu.

MAREKANI NAKO

Wala msidhani ni sisi peke yetu. Huko Marekani vyuo vikuu vina mpira wao, unaochezwa zaidi kwa mikono, wachezaji wakivaa kofia ngumu. Uwanja wa Chuo Kikuu cha Michigan peke yake huchukua watu zaidi ya laki moja. Kwa miaka mingi sheria ilikuwa kwamba mchezaji ni mwanafunzi. Apewe masomo, chakula na malazi, asipewe mshahara. Wakati huo huo makocha wao walilipwa mamilioni ya dola. Haki haikuwapo hapo.

Julai 2021 mlango ukafunguliwa: mwanafunzi akaruhusiwa kulipwa kwa matumizi ya jina lake na picha yake. Mara matajiri waliosoma katika vyuo hivyo wakaunda mifuko ya kuwalipa vijana. Juni 2025 mahakama ikakubali mapatano ambayo chuo chenyewe chaweza kuwalipa wachezaji wake wa michezo yote, hata dola milioni 20.5 kwa mwaka wa kwanza. Na kwa kuwa kijana ana ruhusa ya kuhama, chuo kidogo humlea, humfundisha, naye akishapevuka tajiri wa chuo kikubwa humwita. Lililowapata watu wa Mbarali limevipata na vyuo vya Marekani.

Basi jambo ni lile lile. Kumlipa mchezaji ni haki. Tabu huanza pale ambapo timu nzima inasimama juu ya mfuko mmoja, nao wanaoipenda hawana sauti wala hati. Wazee walisema nguo ya kuazima haisitiri maungo. Mwenye nguo akiihitaji, utabaki vipi?

TUFANYE NINI?

Katika nchi yetu imewekwa kanuni kwamba timu ya wanachama ikiuza hisa, wanachama wabaki na sehemu 51 katika mia, na wawekezaji wasizidi 49. Kanuni hiyo ni njema, lakini humlinda yule tu aliye mwanachama. Anayeshangilia bila kadi huyo ni mgeni harusini. Hula wali, lakini haulizwi bibi harusi atakaa wapi.

Kwa hiyo tuanze na timu zetu ndogo za kata na vijiji. Timu iwe na katiba, iwe na daftari la wanachama, iandikishwe kwa viongozi wa mpira wa wilaya. Ada iwe ndogo, hata ikilipwa wakati wa kuuza alizeti au vitunguu. Tajiri akija na jezi na mipira, apokewe kwa shukrani. Lakini jina, uwanja na daftari vibaki mikononi mwa wenyeji.

Tena kuna faida ambayo wengi hawaijui. Sheria ya FIFA yasema mchezaji anapouzwa kwa fedha kutoka nchi hata nchi, sehemu 5 katika mia za fedha hiyo zigawiwe vilabu vilivyomlea tangu mwaka wake wa 12 hata wa 23. Kilabu cha kijijini chaweza kudai fungu lake, lakini sharti kiwe kimeandikishwa, na kijana awe amesajiliwa humo kwa jina na tarehe. Bila daftari hakuna ushahidi, na bila ushahidi hakuna fungu.

Nanyi wazazi, mgeni akija nyumbani akisema, "Mwanao nitamfikisha mbali," msimfukuze wala msimkabidhi mtoto. Mwambieni alete maandishi. Sheria hizo hizo zasema kijana asiyetimiza miaka 18 asifungwe katika mkataba wa mpira unaozidi miaka 3, na wakala asizungumze naye pasipo mzazi kukubali kwa maandishi. Mchezaji asipolipwa mishahara ya miezi miwili bila sababu ya haki, aweza kuwapa waajiri wake notisi ya siku 15, kisha akavunja mkataba. Someni kila ukurasa. Msiyemwelewa, mpelekeeni mwalimu wa shule awasomee.

Mfano tunao. Feisal Salum, mchezaji wa Yanga, Desemba 2022 alitaka kuuvunja mkataba wake kwa kulipa fedha aliyodhani yatosha. Shirikisho likaamua kwamba bado ni mchezaji halali wa Yanga. Akakaa miezi mingi bila kucheza, hata Juni 2023 zilipopatana Yanga na Azam akahamia Azam. Yule alikuwa mtu mzima tena mwenye jina kubwa. Je, mtoto wako wa miaka 16 itakuwaje, ikiwa ametia sahihi karatasi ambayo hakuna nyumbani aliyeisoma?

Mwisho, asiache shule. Katika darasa zima la vijana wapendao mpira, ni wachache mno watakaolipwa, nao mguu ukivunjika hakuna tajiri atakayelipa mshahara miaka 30. Kusoma na kucheza havigombani. Mashindano ya UMITASHUMTA na UMISSETA yamewekwa ili mtoto afanye yote mawili.

Siku Singida Black Stars itakapocheza, nendeni mkaishangilie kwa moyo, maana ni furaha yetu na vijana wanatoa jasho. Lakini jioni mkirudi kijijini, tazameni ule uwanja wenu wenye nyasi kavu na milingoti ya miti. Hakuna mtu awezaye kuuhamisha. Nani atauondoa mawe Jumamosi ijayo?