Pandikizi la Mtu kutoka Port of Spain

Tuanze na urefu, maana ndio ulioonekana kwanza. Geoffrey Holder alikuwa na futi 6 na inchi 6, karibu mita 2 kamili, na jukwaani wenzake walionekana kama wamekaa. Kwa kawaida mikono mirefu namna ile huchelewa kufika pale mdundo unapoihitaji. Yake ilifika.

Alizaliwa Port of Spain, Trinidad, mwaka 1930, mtoto mwenye kigugumizi. Akiwa na miaka 7 tu tayari alikuwa kwenye kundi la dansi la kaka yake, Boscoe, ambaye pia alikuwa mchoraji. Ukiniuliza mguu au brashi, kipi kilimvusha bahari, nitasema brashi. Ni kweli Agnes de Mille, mtunzi wa dansi wa Marekani, alimwona akicheza na kumwita New York ajaribiwe. Lakini nauli ya kundi zima ilitoka wapi? Aliuza picha 20 alizochora mwenyewe. Baadaye wakfu wa Guggenheim ukampa ruzuku, na ilikuwa ya uchoraji.

Rekodi yake kubwa ni ya 1975. The Wiz ilikuwa hadithi ya mchawi wa Oz iliyoigizwa na watu weusi watupu, na Holder aliingia humo kama mbunifu wa mavazi. Onyesho lilipokuwa likifanyiwa majaribio Detroit mambo yakayumba, akakabidhiwa usukani. Lilipofunguliwa Broadway, kitovu cha tamthilia New York, mwezi Januari, wenye fedha walikwisha kuandaa tangazo la kulifunga. Halikufungwa. Lilichezwa mara 1,672 na kuondoka na tuzo 7 za Tony, zile za tamthilia za Broadway, mbili zikiwa za Holder, ya uongozaji na ya mavazi. Kabla yake hapakuwa na mtu mweusi aliyewahi kushinda ile ya kuongoza tamthilia ya muziki.

Uongozaji wenyewe ulikuwa wa mtu anayefikiri kwa nguo. Kile kimbunga kinachomsomba Dorothy, msichana wa hadithi hiyo, hakikuhitaji mashine wala moshi: alikuwa mwanamke anayezunguka akicheza, kitambaa cheusi kikimfumuka kichwani, kikizidi kufumuka, hadi jukwaa likajaa weusi. Na ile barabara ya matofali ya manjano anayoifuata? Wanaume wanne waliovaa manjano, wakitembea. Barabara ilikwenda na msafiri.

Kazi yake iliyoonwa na macho mengi zaidi ndiyo ndogo kuliko zote, na hili linanikera kidogo. Ni matangazo ya soda ya 7 Up. Anasimama kwa suti nyeupe na kofia pana, akionyesha mbegu za kola, kisha limau na ndimu, halafu anacheka. Kicheko hicho kilitoka chini sana, kama ngoma inayopigwa ndani ya pipa, na Wamarekani wengi ambao hawakuwahi kukanyaga ukumbi wa tamthilia walimjua kwacho tu.

Iliyodumu kuliko zote ni ndoa. Mwaka 1954, kwenye House of Flowers, onyesho lake la kwanza Broadway, alikutana na mcheza dansi Carmen de Lavallade. Wakaoana 1955, wakaachanishwa na kifo cha Geoffrey Oktoba 2014. Miaka 59, wote wawili wakiwa wasanii! Waliowahi kuishi na msanii mmoja tu watajua uzito wake.

Katika onyesho hilohilo la House of Flowers alicheza Baron Samedi, bwana wa makaburi katika imani ya vodou ya Haiti. Miaka 19 baadaye akavaa tena kofia ya mzimu huyo kwenye Live and Let Die, filamu ya kwanza ya Roger Moore akiwa James Bond. Humo Bond anamwangusha ndani ya jeneza lililojaa nyoka, mambo yanaonekana yamekwisha, Bond anapanda treni na mpenzi wake. Picha ya mwisho kabisa inaonyesha mbele ya injini. Samedi amekaa pale nje, kofia kichwani, upepo ukimpiga usoni, anacheka.