Kasongo Arudi Kaloleni: Santuri za Super Mazembe Zasikika Upya

Ukishuka gari katika Barabara ya Jogoo, Nairobi, na kuingia mtaa wa Kaloleni wakati wa alasiri, utaziona nyumba za mawe zilizojengwa miaka ya 1940 kwa mikono ya mateka wa vita wa Kitaliano. Katika nyumba moja anakaa mzee mmoja, dereva mstaafu, mwenye kasha la santuri chini ya kitanda chake. Majuma mawili yaliyopita alimtuma mjukuu wake kwangu: nifike, ana shauri la kuniuliza.

Sikwenda mikono mitupu. Nilichukua sahani iitwayo "Giants of East Africa", mkusanyiko wa nyimbo za Orchestra Super Mazembe uliotolewa na kampuni ya Earthworks ya Uingereza mwaka 2001.

"Karibu, sheikh," alisema mzee akiigeuzageuza ile sahani. "Naona umeniletea Mazembe waliovaa viatu vipya."

Msomaji, bendi hii haikuzaliwa Nairobi. Ilianza mwaka 1967 katika nchi ya Kongo, kwa jina la Super Vox, ikiongozwa na mpiga gitaa Mutonkole Longwa Didos. Ikapitia Zambia, na mwaka 1974 ikabisha hodi Nairobi, mji uliokuwa na studio, kiwanda cha kutolea santuri, na wanunuzi kutoka Mombasa hata Kampala. Hilo jina Mazembe, husemwa, maana yake ni mashine kubwa za kuchimbua ardhi. Sisi tungesema matingatinga. Na kweli walichimbua. Waliuchukua Shauri Yako, wimbo wa Nguashi Ntimbo, wakaupiga kwa namna ambayo watu wengi wa huku kwetu hadi leo hudhani ni wao walioutunga. Aliyeimba nao, Lovy Longomba, alikuwa mwana wa Vicky Longomba wa OK Jazz ya Kinshasa. Na wanawe Lovy ndio waliokuja kuwatumbuiza vijana wa Nairobi kwa jina la Longombas.

Lakini wimbo ulionipeleka Kaloleni ni Kasongo, nami nina jambo la kukiri juu yake.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980, nikiwa mtoto wa chuo, nililetwa kutoka pwani nikae kwa mjomba wangu, Shauri Moyo. Jioni nikienda kusoma Pumwani, na usiku nikidurusu juzuu yangu kwa mwanga wa taa. Mjomba hakutaka gramafoni nyumbani mwake. Ukuta, hata hivyo, haumsikilizi mjomba wa mtu. Jirani akimpiga Kasongo, nasi twamsikia. Wimbo ulianza kwa sauti za kubembeleza, za mtu aliyeumia. Ghafula ukanyamaza. Nikasikia kiti kikisogezwa. Kisha magitaa yakapanda juu mbio, ngoma zikifuata, na kile kilio hakipo tena. Kwa miaka mingi niliamini kuwa hizo ni nyimbo mbili: moja ya msiba na moja ya harusi.

Sababu yake ni ndogo tu. Santuri ya mizunguko 45 hubeba dakika nne au tano hivi kila upande. Wimbo mrefu ulikatwa katikati: upande wa kwanza ukapewa maneno, wa pili ukapewa magitaa. Kile kiti nilichokisikia kikisogezwa ni mtu aliyekuwa akiinuka kwenda kuigeuza santuri. Katika mkusanyiko wa 2001 pande hizo zimeungwa, wimbo unakwenda moja kwa moja, nami nikajua kuwa nilikuwa nimekosea.

Sisi watu wa mashairi twalielewa jambo hili. Mshororo una ukwapi na utao. Mizani minane huku na minane kule. Aliyesoma ukwapi peke yake hajalisoma shairi. Basi nikamweleza mzee nilivyofikiri. Katika Kasongo mke aliyeachwa na watoto wake anamsihi mumewe arudi nyumbani. Maneno yanapomwishia, nikasema, magitaa yanaendelea kumlilia.

Mzee akatikisa kichwa.

"Hapana, sheikh. Upande wa pili si yule mama. Ni Kasongo mwenyewe. Yuko mjini, anacheza dansi, hana habari." Akanyamaza kidogo. "Mimi najua. Na mimi nilikuwa mjini, nikicheza."

Sikuuliza zaidi. Picha ya marehemu mkewe imetundikwa ukutani, juu ya kile kitanda chenye santuri.

Ndipo akalitoa shauri lake. Mnunuzi amefika mara mbili, anataka kasha zima, na fedha yake ni ya kutosha karo ya mjukuu. Je, auze?

Swali hili si la mzee peke yake. Santuri za mitaa hii zimekuwa zikitoka makashani na kupanda ndege. Mwishoni mwa mwaka 2024 vijana wa Kenya walilifanya jina Kasongo kuwa lakabu ya Rais William Ruto, na wimbo ukavuma upya katika matatu na harusini. Wangapi waliuliza ni nani waliopiga magitaa yale? Na saa inakwenda. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 huilinda sauti iliyorekodiwa kwa miaka 50 tu, kuanzia mwisho wa mwaka iliporekodiwa. Sauti ya mwaka 1977 ulinzi wake unakoma mwisho wa 2027. Utungo wenyewe hulindwa hadi miaka 50 baada ya kufa mtunzi, lakini haki hiyo yafaa nini ikiwa jina la mtunzi halijulikani?

Msidhani kuwa kazi hii ni ya wageni tu. Mwaka 2008 Ketebul Music ya hapa Nairobi, chini ya Tabu Osusa, ilitoa kitabu, sahani na filamu juu ya historia ya benga. Liliwezekana kwa benga. Kwa nini lisiwezekane kwa wenzetu waliokuja kutoka Kongo wakaishi na kupiga muziki kati yetu?

Basi nilimjibu mzee hivi: karo ya mtoto ni haki, asione haya kuuza. Ila kabla kasha halijatoka mlangoni, mjukuu aziandike santuri zote katika daftari, jina la bendi, la mtunzi na la kampuni, kama zilivyo kwenye karatasi ya katikati. Na kila moja ichukuliwe sauti yake, pande zote mbili.

Alikubali. Daftari limeanza kujazwa, nami nimeliona. Santuri moja tu ameitoa kando na kusema hiyo haiuzwi, hata kwa fedha gani. Nanyi mnaijua.