Nyumba ya Mtoni

Wasikilizaji wa Tarime na Serengeti, ninyi mnayo magofu ya ngome ya Wadachi huko Ikoma. Leo nataka kuwaeleza habari za gofu jingine, la nyumba ya enzi iliyo kando ya bahari, kaskazini ya mji wa Unguja.

Beit el Mtoni ilikuwa nyumba ya Seyyid Said bin Sultan. Binti yake Salme, aliyezaliwa humo mwaka 1844, asimulia kwamba walikaa watu zaidi ya elfu, na uani walitembea paa, tausi na mbuni. Lakini utajiri ule ulitokana na karafuu, nazo zilichumwa na watumwa.

Seyyid Said alifariki mwaka 1856, na baadaye nyumba ikachakaa. Salme akaenda Ulaya. Aliporudi kuitazama mwaka 1885, aliikuta imekwisha kuwa gofu. Mwaka uliofuata akatoa kitabu cha maisha yake.

Basi kuta zimeanguka, lakini nyumba yasimama kitabuni. Wachumaji wa karafuu hawakupata mwandishi kama huyo. Kwa hiyo waulizeni wazee wenu habari za zamani wangali hai, mkaziandike.