Kopo la Rangi Nusura Lituachanishe
Mume wangu ana Long-EZ, ndege ya faibaglasi aliyoibuni Burt Rutan, ambayo watu hujiundia wenyewe. Hapa California tukaamua kuipaka rangi upya. Mimi na haraka zangu nikaleta kopo la dawa ya kutolea rangi. Akaninyang'anya! Nikanuna siku mbili.

Kumbe dawa ile hula epoksi, gundi inayoshika nyuzi za bawa. Na kiti cha nyuma hukaa nani? Si mimi! Basi tukashika msasa, taratibu, tusizikwangue nyuzi. Nilitaka nyekundu, tumekubaliana nyeupe, maana rangi iliyokoza hunasa joto la jua, na joto hulainisha epoksi.

Wapendwa, mwenzio akikukatalia kitu, muulize sababu kabla hujanuna.