Kampala: Mwanafunzi Mkongomani ahesabu nauli ya taksi kabla ya kupanga nyumba

Mwanafunzi anayetoka Goma, Bukavu ama Butembo kwenda kusoma Kampala, mji mkuu wa Uganda, anapata mtihani wa kwanza kabla hajaingia darasani. Mtihani huo ni barabara. Wengi wanajiandaa kwa minervali, pasipoti na Kiingereza, lakini wanasahau kwamba kila siku watapaswa kutoka nyumbani, kufika chuoni na kurudi, na kwamba safari hiyo ina bei.

Shida inaanzia kwa neno lenyewe "taksi". Bukavu, taksi ni gari dogo ambalo watu wanne ama watano wanapanda pamoja. Kampala, taksi ni basi dogo jeupe lenye miraba ya buluu ubavuni, lililoruhusiwa kubeba abiria 14. Gari la mtu peke yake linaitwa "special hire", na bei yake iko juu sana. Mgeni aliyeshuka basi la usiku akiwa na mizigo, asiyejua tofauti hiyo, anaweza kumaliza pesa ya juma zima kwa safari moja tu.

Ndani ya taksi hakuna tiketi, hakuna bei iliyoandikwa, na hakuna saa maalum ya kuondoka. Gari linaondoka likijaa. Kondakta anaita majina ya mitaa akiwa mlangoni, na nauli inalipwa njiani. Anayetaka kushuka anasema "maaso awo", maana yake "hapo mbele". Kila kitu kinajulikana kwa mdomo, na asiyeuliza ndiye anayelipa zaidi.

Bei nayo haitulii. Asubuhi watu wanapokwenda kazini, jioni wanaporudi, na hasa mvua inaponyesha, nauli ya njia ileile inapanda. Ndiyo sababu wanafunzi waliozoea mji wanauliza bei kabla ya kuketi, na wanauliza abiria wengine wanaosubiri, si kondakta peke yake. Tena wanabeba noti ndogo na sarafu. Anayetoa noti ya shilingi 50,000 asubuhi mapema anaweza kufika mwisho wa safari angali anangoja chenji yake.

Lakini jambo linaloumiza wengi ni mahali pa kukaa. Njia nyingi za taksi za Kampala zinaanzia katikati ya mji na kurudi palepale, kwenye viegesho vikubwa vya taksi. Anayekaa upande mmoja na kusoma upande mwingine anapanda gari mbili: moja hadi katikati, nyingine hadi chuoni. Kwa mfano, anayekaa Kansanga, kwenye barabara ya Ggaba, na kusoma Chuo Kikuu cha Makerere, kilichoanzishwa mwaka 1922 juu ya kilima chake karibu na Wandegeya, anapaswa kuvuka mji mzima. Aliyejiandikisha Kampala International University, chuo ambacho kiko hapohapo Kansanga, anaweza kutembea kwa miguu.

Hesabu ni rahisi. Tuseme gari moja ni shilingi 2,000. Gari mbili kwenda na mbili kurudi ni 8,000 kwa siku. Siku tano kwa juma ni 40,000, na majuma manne ni 160,000. Chumba cha mbali ambacho bei yake iko chini kwa shilingi 100,000 si cha bei nafuu tena, maana mwenyewe anapoteza 60,000 kila mwezi, pamoja na masaa anayokaa ndani ya msongamano wa magari. Pesa hiyo mara nyingi inatoka kwenye chakula, ama mwanafunzi anaanza kuacha masomo ya asubuhi.

Kuna mambo mengine mawili ambayo ndugu walio nyumbani hawafikirii kumwambia. La kwanza ni saa. Kampala iko mbele ya Goma na Bukavu kwa saa moja. Saa mbili asubuhi ya Kampala ni saa moja ya Goma. Ambaye hakubadilisha saa ya simu yake anaweza kufika mwalimu akiwa anamaliza somo.

La pili ni la hatari zaidi. Kongo magari yanapita kuume. Uganda yanapita kushoto. Mtu aliyezoea kutazama kushoto kwanza kabla ya kuvuka barabara, Kampala gari linamfikia kutoka kuume. Siku za kwanza ni vizuri kuvuka pamoja na wenyeji, na kutazama pande zote mbili kila mara. Hata anayeshuka taksi atazame kwanza, kwa sababu pikipiki zinapita popote penye nafasi.

Pikipiki hizo, zinazoitwa boda boda, zinafika haraka kuliko taksi wakati wa msongamano, na watu wa Goma wamezizoea nyumbani. Bei inapatanwa kabla ya kupanda. Wenye simu na intaneti wanatumia programu kama SafeBoda, Bolt ama Uber, ambapo bei inaonekana kabla ya safari kuanza. Helmeti ivaliwe hata kama safari ni fupi.

Kuhusu lugha, baraza la mawaziri la Uganda lilipitisha Kiswahili kuwa lugha rasmi mwaka 2022, mwaka uleule Kongo ilipoingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki. Lakini ndani ya taksi za Kampala, Kiganda ndicho kinatawala. Maneno machache yanatosha kwa kuanza: "ssebo" kwa mwanaume, "nnyabo" kwa mwanamke, na "ssente mmeka?" kwa kuuliza ni pesa ngapi.

Kwa mzazi anayetuma mtoto, shauri ni moja. Kabla ya kutuma pesa ya nyumba, aombe mwanafunzi afanye safari ya kutoka nyumba hiyo hadi chuoni asubuhi ya siku ya kazi, ahesabu magari, nauli na dakika. Kisha nauli ya mwezi iongezwe juu ya bei ya chumba. Hiyo ndiyo bei ya kweli ya kukaa pale.