Baiskeli ya umeme ikipata pancha Bigwa

Pale Bigwa, barabara ya Matombo inapoachana na mji wa Morogoro na kuanza kuufuata ubavu wa milima ya Uluguru, baiskeli ni chombo cha mizigo kabla ya kuwa chombo cha safari. Inabeba ndizi, mananasi, kuni, madumu ya maji na magunia ya mkaa, na siku ya sikukuu inabeba mama na mtoto juu ya keria. Mwenye nayo anakijua kila kilima, na anajua ni wapi atashuka akokote.

Hapo pa kushuka ndipo mota inapoingia kwenye hesabu. Baiskeli ya umeme ya kawaida ina betri ya volti 36, ampea-saa 10, na kuijaza kutoka sifuri hakufiki nusu uniti ya LUKU. Tena barabara hiyohiyo ya Bigwa, ukiifuata ukapita Mvuha, inakufikisha Kisaki, upande wa Bwawa la Nyerere lenye uwezo wa megawati 2,115, ambalo mtambo wake wa kwanza ulianza kuzalisha Februari 2024. Umeme, basi, si hoja. Hoja ni mwiba.

Mwiba ukiingia tairi la mbele, fundi yeyote anamaliza kazi huku akipiga soga. Ukiingia la nyuma, ambamo ndimo mota ilimo, anainama, anaona waya mnene umetokeza kwenye ekseli, anasimama tena na kumwambia mteja aipeleke mjini kwa fundi umeme. Fundi umeme naye hana sulusheni wala viraka. Nadhani hapo ndipo baiskeli hizi zitakapofia, zikiegemezwa ukutani kwa sababu ya tundu ambalo kwa baiskeli ya kawaida kama Phoenix lingezibwa kwa bei ya chai na maandazi.

Wazo la kuweka mota ndani ya gurudumu si la juzi. Tarehe 31 Desemba 1895, Mmarekani Ogden Bolton wa Canton, Ohio, alipewa hataza ya baiskeli ambayo mota yake ilikaa kwenye kitovu cha gurudumu la nyuma, betri ikiwa imebebwa na fremu. Tangu hapo betri zimekuwa nyepesi na sumaku zimekuwa kali, lakini tatizo la fundi ni lilelile.

Katika baiskeli ya kawaida, ekseli inabeba uzito tu. Mota ya kitovu, kwa upande wake, ni kama mota ya kawaida iliyogeuzwa ndani nje: ekseli imesimama na ganda la nje ndilo linalozunguka, kwa hiyo nguvu inayolisukuma gurudumu kwenda mbele inaisukuma ekseli kurudi nyuma kwa kiasi kilekile. Kinachoizuia ni sehemu mbili za ekseli zilizochongwa bapa zikakaa ndani ya mdomo wa fremu, nati mbili, na washa zenye jino. Chukua ekseli ya milimita 12 iliyochongwa mpaka ikabaki 10, na mota yenye nguvu ya mzunguko ya niutoni-mita 40, ambayo si kubwa. Ukipiga hesabu, upande mmoja wa fremu ukiibeba nguvu hiyo yote peke yake, kila kona ya ekseli inayougusa inakandamizwa kwa nguvu inayozidi uzito wa kilo 500. Fremu ya chuma itapinda kidogo na kukupa onyo. Ya alumini hupasuka bila kuaga. Na ekseli ikishaponyoka, inazunguka ndani ya fremu, inajiviringishia waya wake mpaka unakatika, na gurudumu linaweza kuchomoka mtu akiwa katikati ya kilima na mkungu wake nyuma.

Ndiyo maana nawashangaa wanaoiogopa betri kuliko nati. Betri ina ufunguo wake. Ukiichomoa umemalizana nayo.

Hata hivyo, kabla ya kushika spana, kuna jambo ambalo wazee wa kazi wanalijua kuliko vijana waliokulia kwenye baiskeli za gia. Phoenix nyeusi ya Shanghai, Raleigh ya Nottingham, hata Swala iliyotengenezwa hapahapa nchini, zote zilikuwa na gurudumu la nyuma lililozingirwa na vyuma: stendi, miguu ya keria, miguu ya madigadi, kava la cheni, na breki za fito. Kulitoa na kulirudisha kulikula muda, na likirudi limekaa upande, cheni inalegea. Kwa hiyo fundi wa chini ya mwembe hakulitoa. Aliipindua baiskeli, akalitoa tairi upande mmoja tu wa ringi, akaivuta tyubu nje, akaijaza upepo na kuipitisha kwenye beseni la maji mpaka mapovu yakamwonyesha tundu. Akakausha, akakwangua, akapaka sulusheni, akasubiri inate, akabandika kiraka. Gurudumu lenyewe halikuondoka mahali pake.

Kulifungua gurudumu kwa kidole tumefundishwa na baiskeli za mashindano. Inasimuliwa kwamba Novemba 1927 mwendeshaji Tullio Campagnolo, akiwa mashindanoni kwenye mlima wa Croce d'Aune huko Italia, alishindwa kufungua nati za gurudumu la nyuma kwa sababu vidole vilikuwa vimekufa ganzi kwa baridi. Siku zile kubadili gia kulimaanisha kulitoa gurudumu na kuligeuza. Mwaka 1930 alipata hataza ya mhimili wa kufungua haraka, ule wenye mkono mdogo unaoukunjua kando ya ekseli. Mota nyingi za kitovu haziukubali mhimili huo, maana tundu ambalo ungepita limejaa nyaya. Tumerudi kwenye nati na subira. Baiskeli mpya kuliko zote inataka adabu ya baiskeli ya babu.

Ushauri wangu kwa pancha ya kawaida, basi, ni kutolitoa gurudumu. Chomoa betri, pindua baiskeli, ziba kama ulivyokuwa ukiziba Phoenix. Utalazimika kulitoa pale tu tairi lenyewe linapokuwa limekwisha, shingo ya vali imeng'oka na tyubu nzima inatakiwa kubadilishwa, spoki imekatika upande wa cheni, au mota inatakiwa kufunguliwa.

Siku hiyo ikifika, zima baiskeli, toa betri, iweke kivulini. Kisha bonyeza tena swichi ya kuwasha. Kontrola hubakiza chaji kidogo ndani yake, na njia hii huimaliza. Peleka cheni kwenye gia ndogo kabisa. Toa simu upige picha ya ekseli, kulia na kushoto, kwa karibu. Picha hizo zitaepusha ugomvi baadaye.

Kuipindua miguu juu kuna kasoro moja: kioo kidogo cha kwenye usukani ndicho kinachofikia mawe kwanza. Weka matofali chini ya mikono ya usukani, au ukiwa na mwembe wenye tawi imara na kamba ya katani, ambayo Morogoro haijawahi kuadimika, ining'inize baiskeli kwa siti yake na ufanye kazi umesimama.

Sasa waya. Ufuate kutoka kwenye ekseli. Utaukuta umefungwa kwenye bomba la fremu kwa vifungio vya plastiki. Vikate kwa koleo ndogo, si kwa kisu kinachoweza kuteleza na kuuchana. Mbele kidogo kuna soketi ya mpira, ya mviringo, ambayo mara nyingi ina pini 9: tatu nene zinazopeleka nguvu ya mota na nyembamba zinazobeba taarifa za sensa. Ishike pande zote mbili na uivute moja kwa moja. Hapa ndipo mikono iliyozoea kufungua vitu kwa kuzungusha inapoharibu, kwa kuwa soketi hii haizungushwi hata kidogo. Ukiizungusha, pini nyembamba zinalala, na utakapoirudisha mota itakoroma na kutetemeka badala ya kwenda. Nyingi zina mishale miwili midogo, na siku ya kuirudisha mishale itazamane kwanza ndipo usukume.

Nati huwa zimefunikwa na vikofia vya mpira. Kwa ekseli ya milimita 12 utahitaji spana namba 18 au 19. Kwa ile ya 14, mara nyingi 21. Spana malaya iache kwenye boksi. Nati hizi zimekazwa sana, na spana inayocheza itazila pembe kabla hazijalegea. Zikishalegea usiwe na haraka, kwani kazi kubwa sasa ni washa. Ile yenye jino inaingiza jino lake ndani ya mdomo wa fremu ili ekseli isizunguke, na baadhi ya baiskeli zina pia kipande kirefu cha chuma kilichofungwa kwenye fremu kwa skrubu, ambacho nacho kazi yake ni kuikamata ekseli. Vipange juu ya gunia kwa mpangilio uleule vilivyotoka, kulia mbali na kushoto mbali. Kinachotupwa hapa kwa kudhaniwa hakina kazi ndicho kilichokuwa kinazuia zile kilo 500.

Mota peke yake ina kilo 3 hadi 5, nyingine zaidi. Pokea gurudumu kwa mikono miwili na usiliache lining'inie kwa waya. Kama breki ni za diski na za mafuta, asitokee mtoto akaminya mkono wa breki gurudumu likiwa nje, maana pedi zitakutana na utashinda unazitenganisha. Kipande cha boksi kikiwekwa kati yake kinatosha. Na gurudumu likikataa kurudi kwenye mdomo wa fremu, usichukue tupa ukaupanua. Tafuta kinacholizuia.

Wakati wa kurudisha, hakikisha waya unatoka kwenye ekseli ukielekea chini kwanza, halafu ndipo upande juu kwa kitanzi kidogo. Masika yakianza Machi, maji ya Uluguru hayaulizi: yatafuata waya yaingie ndani ya mota kama umeuacha unateremka kuelekea kwenye ekseli. Kaza nati kwa nguvu ya mkono mzima lakini si kwa kukanyaga spana kwa mguu, huku na huku kwa zamu. Kesho yake, baada ya safari ya kwanza yenye mzigo, zikague tena.

Usichanganye baiskeli hizi na mitumba ya Japani. Yamaha ilipoanza kuuza PAS mwaka 1993 iliweka mota katikati, kwenye pedeli, na baiskeli za aina hiyo hazina waya wa mota nyuma. Nyingi badala yake zina gia tatu ndani ya kitovu, zinazoamriwa na pini nyembamba iliyomo ndani ya ekseli. Ikidondokea kwenye vumbi la Bigwa na kupotea, gia nazo zimeondoka.

Jinja, Uganda, shirika la FABIO limekuwa likisambaza baiskeli ya umeme iitwayo AfricroozE, na Nairobi eBee imeziweka mikononi mwa wanaopeleka chakula majumbani. Mwenye baiskeli nyingi kama hao anaweza kuweka magurudumu ya akiba, akabadilisha na kurekebisha baadaye. Mwenye moja ana fundi wake wa jirani tu. Ndiyo sababu ningependa Chuo cha Maendeleo ya Wananchi Bigwa, kimojawapo cha vyuo vilivyozaliwa katika miaka ya 1970 kwa mfano wa vyuo vya wananchi vya Sweden, kiwaite mafundi baiskeli wa barabara hiyo kwa mchana mmoja wakafungue gurudumu moja lenye mota kwa zamu. Umeme wa kujua ni mdogo mno. Kilichobaki wanacho mikononi tayari, na kwenye kuziba bila kutoa gurudumu wao ndio wangemfundisha mwalimu.

Na anayekwenda Dar es Salaam kununua asiishie kuuliza betri inakwenda kilomita ngapi. Amwombe muuzaji alitoe gurudumu la nyuma mbele yake na kulirudisha, kisha amuulize bei ya tyubu, spoki na washa za akiba. Spoki za mota ni fupi na nene, na za Phoenix hazitamfaa. Muuzaji akianza kutafuta spana ya kuazima, au akisema hilo halijawahi kuhitajika, mnunuzi arudishe pesa mfukoni na kupanda basi la kumrudisha stendi ya Msamvu, Morogoro.